Kwa nini pweza aingie kwanza na kamba waingie mwisho: sayansi ya mchuzi wa cacciucco

Hebu fikiria umejipanga vizuri. Umepita sokoni asubuhi, umenunua pweza, ngisi, kamba, samaki wa nyama ngumu na kome kidogo. Umetumia hela ambayo kwa kawaida ingekulisha siku tatu. Uliona picha ya mchuzi mwekundu wa Kiitaliano uliojaa vitu vya baharini, mkate wa kubanika pembeni, ukasema na mimi leo nitapika. Unakaanga kitunguu saumu, unaweka nyanya, kisha unamimina kila kitu sufuriani kwa pamoja na kufunika. Baada ya dakika 20 unafunua na kuonja. Pweza ni kama kandambili. Kamba wamejikunja na kukauka. Samaki amevunjikavunjika. Unaongeza dakika 10 ili pweza alainike, na hizo dakika 10 zinawamaliza kabisa kamba.

Viungo vyako vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye ratiba. Ndani ya ile sufuria kulikuwa na wanyama watano wenye miili iliyojengwa kwa namna tofauti, na wewe ukawapa wote muda mmoja. Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya nyama ya kila mmoja inapopata joto, kisha tutapika pamoja, hatua kwa hatua.

Cacciucco ni nini?

Italia karibu kila mji wa bandari una mchuzi wake wa samaki. Upande wa bahari ya Adria kuna brodetto. Liguria, kaskazini magharibi, kuna ciuppin, na wahamiaji kutoka huko waliokwenda kuvua San Francisco katika karne ya 19 ndio wanaohusishwa na cioppino, mchuzi wa kaa na nyanya ambao leo Wamarekani wanauona ni wao. Sisi tutapika ule wa Livorno, bandari ya mkoa wa Toscana. Unaitwa cacciucco, tamka "kachuko".

Livorno ulikuzwa kama mji wa wageni. Mwaka 1593 mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Kwanza wa ukoo wa Medici, alitoa sheria za kuwakaribisha wafanyabiashara wa mataifa na dini mbalimbali, wakiwemo Wayahudi waliokuwa wakisumbuliwa kwingine. Hata jina la mchuzi huenda ni la kigeni: wengi hulihusisha na neno la Kituruki küçük, maana yake "dogo". Wenyeji nao wana utani wao. Wanasema cacciucco ina herufi c tano, kwa hiyo lazima iwe na angalau aina tano za samaki. Kiasili ni chakula cha watu wa kawaida, cha kutumia kile ambacho mteja tajiri hakukitaka: samaki wa miiba mingi, vichwa, pweza, papa mdogo, mkunga.

Kuna na mtego mdogo wa lugha. Ukikuta mapishi ya zamani ya Toscana yanataja zenzero, usikimbilie tangawizi. Kwa Kiitaliano cha kawaida zenzero ni tangawizi kweli, ila Watoscana walizoea kuita hivyo pilipili kali.

Mambo mawili yanayotokea ndani ya nyama

Nyama yoyote, iwe ya ng'ombe au ya kamba, ina vitu viwili vya kufuatilia. Cha kwanza ni nyuzi za misuli, zilizojaa protini kama miosini na aktini pamoja na maji mengi. Cha pili ni kolajeni, protini ngumu inayozifunga nyuzi hizo pamoja kama wavu.

Nyuzi za misuli zikipata joto hukaza. Protini zake zimekunjwa kwa umbo maalumu. Joto likipanda zinakunjuka, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na zinayakamua maji nje. Kwa samaki, miosini huanza kubadilika karibu na nyuzijoto 40 za Selsiasi, ndiyo maana nyama iliyokuwa inapitisha mwanga kidogo inageuka nyeupe mapema sana. Kuanzia nyuzijoto 60 hivi na kuendelea, maji yanatoka kwa wingi na nyama inazidi kukauka. Jambo hili halisubiri. Joto likishafika, limeshatokea, na huwezi kulirudisha nyuma kwa kuongeza maji.

Kolajeni ina safari ndefu zaidi. Mwanzoni joto linaifanya isinyae, na ikisinyaa inazibana nyuzi za misuli, nyama inakuwa ngumu kuliko ilipokuwa mbichi. Lakini ukiendelea kupika kwenye unyevu, yale mafundo yake ya nyuzi tatu zilizosokotwa yanaachana, yanayeyuka na kuwa jelatini. Hii ndiyo inayofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Safari hii inataka muda: dakika nyingi, wakati mwingine saa.

Kwa hiyo kukaza kunategemea joto, na kulainika kunategemea muda. Ukikumbuka hilo tu, mengine yote utayapanga mwenyewe. Ile kauli ya jikoni, "bado kigumu, kiongezee muda", ni ya kweli kwa mnyama mwenye kolajeni nyingi ya kuyeyusha. Kwa mnyama mwenye kolajeni kidogo, muda wa ziada hauna cha kulainisha. Unakausha tu.

Nani ana kolajeni kiasi gani?

Tuanze na samaki. Ng'ombe anaubeba mwili wake kwa miguu siku nzima, samaki anaelea. Maji yamembebea uzito, kwa hiyo hahitaji kufungwafungwa sana. Misuli yake imepangwa kwa tabaka fupi, na kati ya tabaka na tabaka kuna utando mwembamba wa kolajeni. Kolajeni hiyo ni dhaifu kuliko ya ng'ombe, inalegea kwenye joto la chini zaidi. Ndiyo maana samaki aliyeiva anaachana vipande vipande ukimgusa na uma: ule utando umeyeyuka, tabaka zimebaki peke yake. Kolajeni ya samaki wa bahari za baridi hulegea kwenye joto la chini kuliko ya samaki wa bahari za joto. Miili yao imejengwa kulingana na maji wanamoishi.

Kamba naye anaiva haraka. Nyama ya mkia wake ni msuli wa kujirusha, na baada ya dakika mbili tatu kwenye mchuzi wa moto imeshafika. Yeye ana tatizo jingine. Kichwani kwake kuna tezi yenye vimeng'enya vinavyovunja protini, na vimeng'enya hivyo vinafanya kazi kwa bidii kwenye joto la wastani kabla ya joto kali kuviua. Ukimpika kamba polepole kwenye mchuzi wa vuguvugu anaweza kuwa ujiuji. Kwa hiyo kamba anataka joto la kutosha kwa muda mfupi. Ishara ya kukadiria ni hii: akijikunja kama herufi C ameiva, akifunga kabisa kama O amepita.

Kome wana ufundi wao. Magamba yao mawili yameungwa nyuma kwa kano inayofanya kazi kama springi, muda wote inajaribu kuyafungua. Kinachoyafunga ni msuli ulio ndani. Joto likiuharibu ule msuli, springi inashinda na gamba linafunguka. Kufunguka ni tangazo kwamba joto limefika ndani.

Sasa pweza. Huyu hana mfupa hata mmoja, kitu kigumu alichonacho ni mdomo wake mithili ya wa kasuku. Mkono wake unapinda, unarefuka, unakaza, unasukuma jiwe, yote bila mfupa wa kushikilia. Anawezaje? Nyuzi za misuli yake zimepita pande tatu tofauti, kama kwenye ulimi wako, na zote zimefumwa kwa kolajeni ngumu. Pweza na ngisi wana kolajeni ya mara tatu hadi tano kuliko samaki wa kawaida. Kwao hiyo kolajeni ndiyo mifupa.

Hapa ndipo mila za wavuvi zinapokutana na sayansi. Pwani yetu pweza hupigwa kwenye mwamba au kwa rungu kabla ya kupikwa, na wavuvi wa Ugiriki hufanya vilevile. Kipigo kinauvunja ule mfumo kabla ya moto kuanza kazi. Kugandisha kwenye friza kunasaidia kwa njia inayofanana: maji ndani ya nyama yanakuwa chembe za barafu zinazochana nyuzi. Kwa hiyo usione aibu kununua pweza wa barafu, mara nyingi atalainika vizuri. Ila Italia wapo wanaotia kizibo cha chupa ya mvinyo kwenye sufuria ya pweza eti kinamlainisha. Hicho hakina kazi yoyote inayojulikana. Kinacholainisha ni saa nzima ambayo kizibo kinaelea mle.

Jaribio la ngisi mmoja

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua ngisi mmoja, msafishe, mkate pete. Chemsha maji yenye chumvi kidogo, tia pete zote. Toa chache baada ya dakika 1, nyingine baada ya dakika 10, nyingine baada ya dakika 45 kwa moto mdogo. Zipange kwenye sahani, utafune kwa mfuatano.

Pete za dakika 1 ni laini: joto la katikati halijapanda sana, kolajeni haijasinyaa sawasawa. Za dakika 10 ni raba: nyuzi zimeshakaza na kolajeni imesinyaa lakini haijaanza kuyeyuka vya kutosha. Za dakika 45 zimerudi kuwa laini, ingawa ulaini wake ni tofauti, unaachia mdomoni. Nyuzi bado zimekaza na maji yametoka, ila zile kamba za kuzifunga zimekuwa jelatini, na jelatini inateleza.

Kwa hiyo ngisi ana madirisha mawili, la haraka sana na la polepole sana. Kati yake kuna bonde la raba, na watu wengi tunaishia humo kwa sababu dakika 10 hadi 20 ndio muda wa kawaida wa kupika mchuzi wa samaki. Kwenye cacciucco tunachagua dirisha la polepole, maana jelatini yote inabaki kwenye mchuzi na kuupa uzito.

Ladha inatoka wapi?

Mwaka 1908 mkemia Mjapani Kikunae Ikeda alitenga glutamati kutoka mwani wa kombu, akasema hii ni ladha ya peke yake, akaiita umami. Miaka mitano baadaye mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata inosinati kwenye samaki mkavu. Baadaye ikagundulika kwamba viwili hivi vikikutana, ladha yake inazidi sana jumla ya kila kimoja peke yake. Kipokezi cha umami kwenye ulimi hukamata glutamati, na inosinati hukaa jirani na kukifanya kiendelee kuishikilia.

Sasa angalia sufuria yako. Nyanya zilizoiva zina glutamati nyingi, na nyanya ya kopo iliyokolezwa ina zaidi. Samaki wana inosinati. Wapishi wa Livorno walilikuta jambo hilo kwa kuonja tu, baada ya nyanya kuvuka bahari kutoka Amerika na kuzoeleka Ulaya.

Nyanya ina kazi nyingine. Samaki wengi wa baharini wana kemikali inayowasaidia kuhimili chumvi ya bahari. Samaki akishakufa, bakteria wanaigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoijua. Asidi ikikutana na trimethilamini inaifunga isiruke hewani, kwa hiyo pua haiipati. Ndimu unayompaka samaki, siki, nyanya na mvinyo vyote vinafanya kazi hiyohiyo. Lakini elewa: asidi inaficha harufu, haimrudishi samaki aliyechacha.

Halafu yapo magamba na vichwa vya kamba. Rangi yao nyekundu inaitwa astaksanthini. Kamba akiwa hai rangi hiyo imefungwa na protini, anaonekana kijivu au kijani. Joto linaivunja protini, na wekundu unajitokeza. Rangi hii inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na baadhi ya harufu nzuri za kamba pia. Kwa hiyo ukiyatupa magamba umetupa nusu ya mchuzi. Yakaange kwenye mafuta kwanza, maji baadaye.

Tupike

Kipimo hiki kinatosha watu wanne au watano.

- Pweza gramu 600 na ngisi gramu 400, wamesafishwa
- Samaki wa nyama ngumu, kama chewa au changu, gramu 600 bila kichwa. Kichwa na miiba viweke pembeni
- Kamba gramu 300, kome gramu 500
- Mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 5. Ukikosa, mafuta mengine ya kula yanafaa
- Punje 5 za kitunguu saumu, pilipili 1, majani 4 ya seji, mmea wa jamii ya mnanaa wenye harufu nzito
- Nyanya ya kopo vijiko vikubwa 2, nyanya mbivu gramu 400
- Mvinyo mwekundu mililita 200
- Mkate wa jana, vipande vinene

Kuhusu mvinyo: usidanganyike kwamba kilevi chote kinaruka hewani. Sehemu yake hubaki hata baada ya kupika saa nzima. Kama hutumii kilevi, weka vijiko viwili vya siki pamoja na maji. Unachokihitaji zaidi hapo ni asidi.

Ratiba tunaihesabu kutoka mezani kurudi nyuma. Tuseme mnakula saa 2 kamili usiku.

*Saa 12:20 jioni, supu.* Menya kamba. Kaanga magamba na vichwa vyao kwenye kijiko kimoja cha mafuta hadi viwe vyekundu na vinukie. Tia kichwa na miiba ya samaki, funika kwa maji kama lita moja na nusu, acha vitokote kwa dakika 30, chuja. Mifupa ya ng'ombe inataka saa nyingi, ya samaki haitaki, kwa sababu kolajeni yake inayeyuka upesi. Ukiizidishia muda, supu inapoteza ladha safi.

*Saa 12:30 jioni, pweza.* Kwenye sufuria kubwa pasha mafuta yaliyobaki kwa moto mdogo, weka punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili na seji. Kabla kitunguu hakijageuka kahawia tia pweza aliyekatwa vipande, funika. Usiweke maji. Waitaliano wa kusini wana msemo kwamba pweza hupikwa kwa maji yake mwenyewe, na utayaona: atatoa maji mengi na kunywea karibu nusu. Hayo ni yale maji yanayokamuliwa na nyuzi zinazokaza. Usishtuke.

*Saa 12:50.* Mimina mvinyo, acha upungue. Tia nyanya ya kopo, ikaange dakika mbili kwenye yale mafuta, kisha nyanya mbivu zilizokatwa na vikombe viwili vya supu. Moto mdogo, kitokote taratibu.

Hapa kuna kosa la kawaida: kuongeza moto ili pweza awahi. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyapandishi joto. Unayapunguza tu na kukumalizia gesi au mkaa. Kama uko mahali pa juu, ongeza muda, kwa sababu huko maji huchemka kwenye joto la chini. Nairobi, kwa mfano, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hadi 95 hivi, kwa hiyo pweza atachukua muda kidogo zaidi kuliko Mombasa. Ukitumia sufuria ya presha inakuwa kinyume chake: joto linapita 100, na pweza anaweza kuwa tayari kwa dakika 20 hivi.

*Saa 1:10, ngisi.* Tia ngisi pamoja na pweza. Dirisha la polepole, kumbuka.

*Saa 1:40, kipimo.* Choma kipande kinene cha pweza kwa kisu. Kisu kikiingia bila kusukumwa, endelea. Kikigoma, subiri. Usiweke kitu kingine chochote mpaka pweza amekubali, hata kama wageni wamefika. Yeye na ngisi wanavumilia kuchelewa, waliobaki hawavumilii. Mchuzi ukiwa mzito mno ongeza supu.

*Saa 1:45, samaki.* Panga vipande vya unene unaolingana. Joto linasafiri polepole ndani ya nyama: unene ukiwa mara mbili, muda wa kufika katikati ni kama mara nne. Kwa hiyo kipande cha sentimita 2 na cha sentimita 4 haviwezi kuiva pamoja. Sentimita 3 zinatosha. Usikoroge tena, tikisa sufuria tu. Kama una kipimajoto cha jikoni, mamlaka za chakula za Marekani zinashauri samaki afike nyuzijoto 63 katikati.

*Saa 1:52, kome.* Tia kome, funika, mvuke ufanye kazi.

*Saa 1:56, kamba.* Wazamishe kwenye mchuzi unaotokota. Baada ya dakika mbili zima moto na uache sufuria imefunikwa dakika mbili nyingine. Joto lililomo linamalizia kazi.

Sasa ndio onja chumvi. Si mapema, kwa sababu pweza na kome wanakuja na chumvi ya bahari na mchuzi ulikuwa unapungua muda wote.

Banika mkate, uusugue na punje mbichi ya kitunguu saumu iliyobaki. Kitunguu saumu kizima hakina ukali. Ukali unatengenezwa pale seli zinapovunjika, kimeng'enya kikakutana na kemikali kilichokuwa kimetengwa nayo. Uso wa mkate uliobanikwa unazivunja seli kama kikuna nazi. Ule uliokaangwa mwanzoni umepoa ukali, huu mbichi unaurudisha. Weka mkate chini ya sahani, mchuzi juu.

Moto usichoweza kutibu

Tumesifia joto kwa muda mrefu, sasa tuseme mipaka yake, maana hapa hasara si ya hela tu.

Samaki kama jodari na vibua wana asidi amino nyingi iitwayo histidini. Wakikaa bila barafu, bakteria wanaigeuza kuwa histamini. Mlaji anaweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa ndani ya muda mfupi, na wengi hudhani ni mzio. Kuchemsha kunawaua bakteria, lakini histamini yenyewe haiharibiki kwa joto la jikoni. Hata mchuzi uliotokota saa mbili hautaiondoa. Kinga ni barafu tangu samaki anatoka majini. Kwa cacciucco samaki hao hawatumiki sana hata hivyo, mafuta yao yanautawala mchuzi.

Kome nao wanakula kwa kuchuja maji ya bahari. Aina fulani za mwani mdogo zikizaliana kwa wingi, kome hukusanya sumu zake mwilini, na baadhi ya sumu hizo zinavumilia kuchemshwa. Usiokote kome popote tu. Pata kwa muuzaji anayejua wametoka wapi.

Uchunguzi wa kome unafanyika kabla ya kupika. Aliye wazi mgonge taratibu: akijifunga yu hai, asipojifunga mtupe. Baada ya kupika, ambaye hakufunguka si lazima awe mbovu, wakati mwingine msuli wake umeng'ang'ania tu. Ila huna njia rahisi ya kujua kama joto lilifika ndani, kwa hiyo mwache. Kome mmoja hana thamani ya tumbo lako.

Ukishaelewa ratiba, orodha ni yako

Hukupata kome? Si lazima. Pweza amepanda bei? Weka ngisi peke yake na uanze saa 12:50. Umepata kaa? Mvunje, magamba yake yaingie kwenye supu na nyama yake iingie pamoja na samaki. Kwa kila mnyama mpya jiulize swali lilelile: ana kolajeni nyingi au kidogo? Mwenye nyingi aingie mapema na apewe saa yake. Mwenye kidogo asubiri, aingie wageni wakiwa wananawa mikono.

Mchuzi ukibaki, toa samaki na kamba, mle usiku huohuo. Pweza, ngisi na ule mchuzi viweke kwenye friji. Kesho vitakuwa vimeganda kidogo, kama makongoro, na sasa unajua ni kwa nini.